Dakika za Kupoza Turbo

"Kumbe lina hata taima," Daktari alisema, akigusa kidude cheusi kilichobandikwa kando ya usukani. "Basi hili gari limetunzwa kweli."

Mwalimu alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai, vikombe vitatu. Neno taima hakuwahi kulisikia. Lakini alimwona mumewe, Fundi, akiinama ghafla kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote, na hapo hapo sinia likawa zito mikononi.

Mpaka dakika ile asubuhi ilikuwa imekwenda salama. Wiki nzima Mwalimu alikuwa na wasiwasi na huyo Daktari aliyetaka kununua gari. Ujumbe wake alikuwa ameusoma mara tatu kwenye simu ya Fundi, akitafuta dhambi ndani yake: "Nakuja Jumamosi saa nne. Tafadhali usimpe mtu kabla sijaliona." Kumbe ni mama wa makamo, daktari wa meno, aliyetandika gunia na kujilaza chini ya gari hata kabla hajamaliza kusalimia. Mwanamke anayeibia mtu mume hachafui mgongo namna ile. Moyo ukatulia.

Na Fundi alikuwa anajisifu kama baba wa bibi harusi. Gari la michezo la Kijapani, milango miwili, bluu ya usiku. Turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani, mabomba mapya, springi zilizoshushwa vidole viwili, oili haijawahi kuchelewa hata siku moja. Yote ameandika kwenye daftari, alisema, na daftari ameshampa Daktari mkononi.

"Hiyo taima ni ya nini?" Mwalimu aliuliza.

Fundi akakohoa. Daktari, asiyejua lolote, akamweleza kwa furaha.

"Turbo ikitoka kukimbia inakuwa ya moto kama jiko, mama. Ukizima ghafla inaungua. Zamani dereva alikuwa anakaa humo dakika mbili tatu mpaka ipoe. Sasa kuna hiki. Unachomoa ufunguo, unafunga mlango, unaenda zako kula. Injini inabaki inanguruma peke yake, muda ukifika inazima."

Mwalimu akaweka sinia juu ya ukuta wa kibaraza, polepole.

Kila jioni ilikuwa vile vile. Taa za gari getini, injini inanguruma, na Fundi yumo ndani, mwanga wa simu umempiga kidevuni. Mwalimu alikuwa akisimama nyuma ya pazia, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Ni mwalimu wa hesabu, hana jinsi ya kuacha kuhesabu. Dakika kumi. Kumi na tano. Siku moja ishirini na tano. Na Fundi akiingia, jibu lilikuwa moja: napoza turbo. Mwezi uliopita ndipo alipomwambia achague, yeye au hilo gari. Fundi alikubali kuliuza hata hajamaliza kikombe chake, na Mwalimu akalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

"Kilifungwa lini?" aliuliza.

"Huyu mzee hajaacha kitu." Daktari akapekua daftari. "Hiki hapa. Miaka minne iliyopita, mwezi wa sita, tarehe tisa. 'Nimefunga taima. Inafanya kazi vizuri.'"

Mwandiko wenyewe safi, umenyooka. Fundi alikuwa mtu wa kumdanganya mkewe, lakini si daftari la gari.

Daktari amezoea watu wanaoumwa huku midomo imejazwa vyuma wasiweze kusema. Aliwatazama wote wawili mara moja tu, kisha akasema angependa kulijaribu mpaka barabara kuu, na ikiwezekana aende peke yake. Akaondoka. Uani pakabaki mstatili wa saruji kavu, safi, na mume na mke kila mmoja upande wake.

"Ni nani?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Miaka minne, Fundi. Hesabu upige wewe au nipige mimi?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Simu ilikuwa inawaka."

"Nilikuwa nacheza drafti." Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akamnyooshea. "Tazama. Nimecheza mara elfu mbili na kitu. Nimefungwa elfu moja na mia nane."

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Mwalimu hakuipokea simu.

"Mtu mzima anakaa nje ya geti lake mwenyewe anacheza drafti?"

"Nilikuwa natafuta nguvu za kuingia."

Aliyasema bila hasira, kama anavyomweleza mteja kwamba gari lake halitengenezeki. Na Mwalimu, aliyekuwa na maneno ya kutosha kujaza ua ule, akajikuta anarudi kwenye ile tarehe. Mwezi wa sita, tarehe tisa. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameokota kibanio cha nywele cha zambarau chini ya kiti cha gari lile. Hakuuliza. Alikwenda nacho moja kwa moja gereji, akakitupa mezani mbele ya mafundi wawili na wateja, akasema mwenyewe aambiwe aje akichukue. Fundi alisema ni cha mtoto wa dada yake. Watu walicheka.

"Kibanio," Mwalimu alisema.

"Naam."

"Kilikuwa cha mtoto kweli. Nilijua siku ya tatu. Wifi aliniuliza kama nimekiona."

Fundi akainua macho. Hilo hakuwa analijua.

"Ulijua, na hukusema?"

"Nilipika chakula unachokipenda. Nikadhani yamekwisha."

"Mimi nilikula huku nangoja uniombe radhi. Siku zikapita. Nikawa nikifika getini mwili unagoma."

"Na wewe ukaniacha miaka minne nahesabu dakika, nikiamini nina mke mwenza huko nje."

"Niliona heri ulaumu gari kuliko nikwambie ukweli," Fundi alisema. "Hapo nilikukosea."

"Ulinikosea sana."

"Sana."

Hakuna aliyemsogelea mwenzake. Baadaye Mwalimu akasema Jumatatu atakwenda gereji, akaseme mbele ya wale wale mafundi kwamba alimwonea.

"Mmoja alishaacha kazi."

"Basi nitamwambia aliyebaki. Na gari usiliuze."

"Nimeshatoa neno langu. Tena likibaki, nitarudi kukaa humo."

Daktari alirudi. Akachomoa ufunguo, akashuka, akafunga mlango. Gari likaendelea kunguruma, kiti cha dereva kitupu, na wote watatu wakasimama wakilisikiliza mpaka lilipojizima. Mwalimu akageuza uso. Ilikuwa rahisi hivyo, siku zote hizo. Mchana ule gari likaondoka.

Jumatatu Mwalimu alikwenda gereji kama alivyosema. Yule fundi aliyebaki hakukumbuka kibanio chochote, ikabidi Mwalimu amsimulie aibu yake upya, toka mwanzo, mumewe akiwa ameinama ndani ya boneti ya mtu. Mumewe hakuinua kichwa. Lakini spana yake ilinyamaza.

Jioni, miguu ilimpeleka Mwalimu nyuma ya pazia kwa mazoea. Alisikia hatua za mumewe zikija mtaani, zikafika getini, zikasimama.

Akangoja. Geti halikufunguliwa.

Akatoka, akasimama upande wake wa geti.

"Leo unapoza nini?"

"Miguu," Fundi alijibu. "Sijazoea kutembea."

"Nikuache?"

"Dakika mbili tu, Mwalimu. Sijui kama zitatosha."

Mwalimu akafungua geti, akatoka nje, akalirudishia nyuma yake, akasimama kando ya mumewe pale barabarani. Hakuhesabu.