Kibao Kimoja kwa Chumba Kizima

Kiwandani walimwita Dada Kola, kwa sababu kola zote za mashati zilipita mikononi mwake. Asubuhi alikunywa chai nusu kikombe, akawaaga watoto, akakimbilia kazini. Maji hakugusa mpaka jioni.

Siku hizo mikono ilimtetemeka. Kichwa kilimgonga, kola zikaenda upande. Msimamizi akamleta mtaalamu wa saikolojia, kijana nadhifu na mpole. Huyo akamwambia ana woga wa kazi, awe anafumba macho na kuvuta pumzi. Msimamizi akaongeza lake: asipotuliza akili, atatolewa kwenye cherehani.

Dada Kola akaamini kuwa ana kasoro. Nyumbani akawa mkali, mpaka mumewe akawa ananyata kama mwizi wa kuku.

Jirani yake, mshauri wa afya ya akili katika kituo cha afya, aliingia kuomba chumvi, akakaa mpaka chai ikapoa. Ndiyo kawaida yake, na nani angemfukuza? Alimsikiliza, kisha akauliza wenzake kazini wana hali gani. Dada Kola hakujua. Kazini hawaruhusiwi kuzungumza.

"Na maji unakunywa saa ngapi, dada yangu?"

"Ninywe, halafu niende wapi? Choo kina kibao kimoja cha ruhusa kwa chumba kizima. Mwenye kibao ndiye anayetoka."

Jirani alicheka, halafu akaweka kikombe chini.

"Pumzi vuta, si vibaya. Lakini mtu akipima akili yako bila kuangalia kazi yako, atakubebesha lawama zisizo zako. Njoo kituoni tukupime. Halafu waulize wenzako."

Kituoni hakukutwa na ugonjwa. Mwili ulikosa maji tu. Jioni akawauliza wenzake njiani. Mshona mifuko naye hutetemeka. Mpiga pasi alianguka juzi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kesho yake wakaingia kwa msimamizi wote pamoja, wakamweleza kwa adabu. Alipotaka kubisha, mpiga pasi akamuuliza yeye huomba kibao kwa nani.

Kibao kikaondolewa, mtungi wa maji ukaletwa. Kola zikanyooka, na Dada Kola akabaki kwenye cherehani yake.

Mtaalamu aliporudi na kusikia habari za kibao, alivuta kiti katikati yao.

"Hapa kazini, ni nini kinawaumiza?"

Walijibu wote kwa mpigo, ikabidi awaombe waseme mmoja mmoja.