Pumzi Zilizokatwa

Spika zilikuwa zimezimwa, lakini taa ndogo ya kijani kwenye mtambo ilikuwa ikipanda na kushuka, kama inavyofanya mtu anapoimba.

Fundi wa sauti aliitazama, kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa saa nne asubuhi, dirisha li wazi, jirani anafua. Alichomoa waya wa spika. Taa ikapanda, ikashuka. Akajisemea mtambo umezeeka, akaendelea na kazi, maana kazi ndiyo iliyomshika mkono tangu amzike mkewe, miezi miwili sasa.

Ulikuwa muziki wa gemu ya kutisha: jumba la kale lenye minara, makaburi chini ya sakafu, na mchezaji anayetafuta mlango wa kutokea. Marehemu ndiye aliyeimba, peke yake, sauti ikirekodiwa juu ya sauti hadi ikawa kwaya. Wiki tatu baada ya kumaliza, alilala asiamke. Daktari alisema ni moyo.

Siku hiyo alikuja shemeji yake, kaka wa marehemu, mtengenezaji wa gemu yenyewe. Watu walimwita Kipara ingawa alikuwa na nywele kama kichaka. Alikuja kusikiliza na kutoa hukumu, na Fundi akaurudisha waya wa spika.

"Kinanda kizito, shemeji. Nakisikia tumboni," alisema. "Zile kengele za mbali, hapo umeniweza. Lakini pigano la mwisho lina ngoma nyingi mno, utadhani watu wanahamisha makabati. Na wimbo wa ukumbini unajirudia upesi. Mchezaji atauchoka kabla hajaokota ufunguo."

"Na kwaya?"

Kipara aliacha utani. "Kwaya ndiyo roho ya kazi yote. Lakini..." Akashusha sauti, kama mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa. "Dada hapumui."

Fundi akamweleza. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote: pumzi za mwimbaji kati ya mstari na mstari alizikata, akazitupa kwenye faili la takataka, sauti ibaki safi. Za mkewe alizikata baada ya mazishi, moja moja, akidhani anamtunzia heshima.

"Sawa," Kipara alinong'ona. "Na haya maneno anayoimba sasa, nani kamwandikia?"

Walisikiliza. Maneno hayo hawakuyarekodi. Sauti ilikuwa ya marehemu, hata ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno ulikuwa wake, lakini ilipita mahali ambapo koo la binadamu lingeomba hewa, ikapita tena bila kutua, na chumba kikajaa harufu ya majivu yaliyolowa, na Fundi akahisi kifua kinambana, hewa inamtoka polepole kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na kila sauti ilivyorefuka ndivyo yeye alivyoishiwa, mpaka Kipara akaurukia mtambo na kung'oa waya wa umeme ukutani, na bado ule mdomo usioonekana ukaimba mstari mmoja mzima kabla ya kunyamaza.

"Futa, shemeji. Futa sasa hivi."

"Sina sauti yake nyingine," alisema Fundi, akihema. "Nikifuta hii, nitamzika mara ya pili."

Kipara hakubishana. Alikwenda kumleta mama yake, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa dua tangu ujana wake. Mama mkwe aliketi, akawaambia wauwashe mtambo, akasikiliza kidogo tu, mkono shavuni.

"Huyu si mwanangu," alisema. "Mwanangu hata kugomba hakuanza bila kuvuta pumzi kwanza."

Kipara alicheka, kisha akafuta macho.

"Ni nani basi, mama?" aliuliza Fundi.

"Umeacha nyumba haina mwenyewe, baba. Nyumba tupu haikosi mpangaji. Ameingia, na pumzi anaazima kwako. Usifute; ukimbomolea, atahamia kifuani mwako. Mrudishie mwenyewe vilivyo vyake."

Fundi alifungua faili la takataka. Pumzi arobaini na moja. Mama mkwe akaanza dua, taratibu, naye akazirudisha kila moja mahali pake. Kila aliporudisha moja, harufu ya majivu ilififia na kifua chake kikafunguka. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya mwanamke mwenye afya. Ya ishirini ilikuwa fupi. Kuanzia ya thelathini kulikuwa na kijimluzi ndani yake, kama mtoto aliyetoka kukimbia.

Mkono wake ukasimama. Alikumbuka siku ile, yeye nyuma ya kioo, mkewe mbele ya kipaza sauti. "Rudia, mke wangu," alimwambia. "Unahema mno." Naye akatabasamu, akarudia.

"Mama, pumzi zake zilikuwa zikiniambia. Nikazitupa."

Mama mkwe hakukatiza dua. Aliweka tu mkono juu ya mkono wake, wakazirudisha zilizobaki pamoja, hadi ya mwisho. Taa ya kijani ikashuka, ikatulia.

Gemu ilipotoka, Kipara alileta maoni ya wachezaji. "Wanakisifu kinanda. Wanasifu kengele. Kasoro wanataja moja, shemeji. Wanasema mwimbaji anasikika akihema."

Fundi aliweka kikombe cha chai mezani.

"Nizikate pumzi hizo?" Kipara aliuliza.

"Usiguse. Mungu anisamehe, mwache apumue."