Anwani Moja, Vifaa Viwili

Asubuhi katika nyumba moja ilianza kwa kelele mbili: birika jikoni na cherehani chumba cha mbele. Waliishi watu watatu. Mume alikuwa fundi bomba. Mke wake alikuwa mshonaji, na karakana yake ilikuwa hicho chumba cha mbele. Wa tatu alikuwa baba wa fundi bomba, mzee aliyeendesha malori ya masafa marefu mpaka alipostaafu.

Mzee alikuwa amepata kiharusi. Akili yake ilirudi sawasawa na maneno yalirudi, lakini mguu wa kulia haukurudi. Aliweza kusimama, ila kutembea bila kushikwa mkono hakuweza. Chumba chake kilikuwa nyuma, karibu na bafu. Kati yake na karakana kulikuwa na korido ndefu. Cherehani ikinguruma, mzee angeweza kuita mpaka sauti ikauke na asisikike.

Kwa hiyo mwanawe alimwekea kitufe cha kuitia, kando ya kitanda. Mzee akikibonyeza, taa nyekundu inawaka karakana, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kitufe na taa havikuunganishwa kwa waya. Kitufe kilipeleka ujumbe kwa waifai mpaka kwenye kisanduku cheupe kilichowekwa sebuleni. Kisanduku hicho kilikuwa kiongozi wa vifaa vyote vya mtandao vya nyumba ile. Kikipokea ujumbe wa kitufe, kinaiamuru taa iwake.

"Lori langu halikuwahi kukosa honi," mzee alisema siku walipokifunga. "Sasa na kitanda changu kina honi."

Taa ilifanya kazi vizuri. Mzee akibonyeza, mkwewe anaacha kazi na kwenda. Akitaka bafu, anapelekwa. Akitaka maji, analetewa.

Kisha mshonaji akapata kazi ya kutarizi nembo za sare za wanafunzi. Alinunua cherehani ya kutarizi iliyokwisha kutumika kwa mshonaji mwingine. Ilikuwa na kioo kidogo mbele, na ilipokea michoro kutoka kwenye simu kwa njia ya waifai. Aliipenda sana. Aliifuta vumbi kila jioni kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Siku moja, mshonaji alipokuwa akipita koridoni, alimkuta mzee ameketi sakafuni kando ya kitanda. Kiwiko kilikuwa kimechubuka.

"Baba! Imekuwaje?"

"Nilitaka kwenda bafuni. Nikaona mnachelewa, nikajaribu mwenyewe."

"Mbona hukubonyeza?"

"Nilibonyeza."

Mshonaji alimwinua, akamketisha kitandani. Kisha akabonyeza kitufe yeye mwenyewe na kukimbilia karakana. Alikuwa ameshaizima cherehani ya kutarizi alipotoka humo mara ya kwanza. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kama kawaida.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi bomba alibadilisha betri ya kitufe. Akakizima kisanduku na kukiwasha tena. Akabonyeza mara kadhaa, na kila mara taa iliwaka.

"Kifaa ni kizima," alisema koridoni, kwa sauti ya chini. "Mke wangu, tukubali tu. Mzee ameanza kusahau. Anadhani amebonyeza, kumbe hajabonyeza."

Mzee alikuwa macho. Mguu wake ulikuwa mbovu, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Tangu hapo hakulalamika tena. Alipoletewa chai, alikunywa nusu. Alipoulizwa kama anataka maji, alisema ameshiba. Mtu asiyekunywa hana haja ya kwenda bafuni, na asiyekwenda bafuni hana haja ya kumwita mtu. Mshonaji aliona midomo ya mzee inakauka, akadhani ni ugonjwa.

Jirani yao wa ghorofa ya juu alikuwa mama mmoja aliyesimamia mtandao wa kompyuta katika hospitali. Mtaa mzima ulimwita Bi Nyaya, kwa sababu mfuko wake wa kazini ulikuwa umejaa nyaya za kila rangi. Adhuhuri moja alikuja kuchukua gauni lake. Alipita upande wa nyuma, na dirisha la mzee lilikuwa wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nifanyie hisani. Ukifika mbele, mwambie mkwe wangu namwita."

"Si una kitufe?"

"Ninacho. Ona." Mzee alikibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Haji mtu. Halafu wanasema nasahau."

Bi Nyaya alizunguka mpaka mlango wa mbele. Alimkuta mshonaji ameinama juu ya cherehani ya kutarizi, sindano inapanda na kushuka. Taa juu ya meza ilikuwa imezimika kabisa.

"Dada, simamisha kwanza," alisema. "Baba mkwe wako amebonyeza mbele ya macho yangu, mara mbili. Taa yako haijawaka."

Mshonaji aliizima cherehani haraka na kukimbia nyuma. Mzee alikuwa anahitaji kupelekwa bafuni, na alikuwa amejizuia muda mrefu. Alipomrudisha kitandani, alimwona Bi Nyaya amesimama mlangoni, amekishika kitufe.

"Nimebonyeza sasa hivi," Bi Nyaya alisema. "Nenda kaangalie."

Taa ilikuwa inawaka.

"Hiki kitu kinatuchezea!" mshonaji alimwambia Bi Nyaya, aliyekuwa amemrudishia mzee kitufe na kumfuata karakana. "Mume wangu alitaka kukifuta kisanduku chote na kukianza upya."

"Asikifute. Mngeunganisha kila kifaa upya, na tatizo lingebaki palepale. Niambie, kuna kitu gani kipya kimeingia humu ndani? Chochote kinachotumia waifai."

"Hakuna kipya. Labda cherehani hii."

"Iwashe."

Mshonaji aliiwasha. Kioo chake kidogo kikang'aa.

"Mzee!" Bi Nyaya aliita koridoni. "Bonyeza!"

Walisubiri wakiitazama taa. Haikuwaka.

"Zima cherehani. Mzee, bonyeza tena!"

Taa ikawaka. Mshonaji alikaa chini kwenye kiti chake.

"Ina maana kila ninapotarizi, Baba anaita na mimi sijui?"

"Ndiyo maana yake. Sasa tujue kwa nini." Bi Nyaya alivuta kiti. "Kila kifaa kinachotumia waifai lazima kiwe na anwani yake. Ni namba. Ujumbe unapotumwa, unatumwa kwenye namba hiyo. Washa tena cherehani, utafute ukurasa wa mtandao, unisomee anwani yake."

Mshonaji aligusagusa kioo mpaka akaupata ukurasa. Alisoma tarakimu moja moja. Za mwisho zilikuwa mbili na tano. Kisha alimpa Bi Nyaya simu yake, yenye programu ya kukiendesha kisanduku. Bi Nyaya alifungua ukurasa wa mipangilio, akaiweka simu kando ya kioo cha cherehani.

"Soma na hii ya kisanduku."

Mshonaji alisoma. Alifika mwisho, akarudia tangu mwanzo.

"Ni ileile!"

"Ndiyo. Vifaa viwili, anwani moja. Mzee akibonyeza, ujumbe unakwenda kwenye anwani hiyo. Cherehani ikiwa imezimwa, unafika kwa kisanduku. Ikiwa imewashwa, unaishia kwa cherehani, nayo haijui la kufanya na ujumbe wa kitufe."

Mshonaji alitazama nguo za wateja zilizotundikwa ukutani. Kila moja ilikuwa na kikaratasi chenye namba.

"Ni sawa na mimi niweke kikaratasi cha namba moja kwenye magauni mawili," alisema. "Mteja akija, nampa la mwenzake."

"Hapo umeelewa kunishinda mimi ninavyoeleza."

"Lakini ilitokeaje? Sisi hatukuandika namba yoyote."

"Anayegawa anwani ni ruta, kile kifaa kinacholeta waifai. Ruta haimpi mtu anwani ya mwenzake. Lakini aliyekuuzia cherehani aliiandikia anwani ya kudumu alipokuwa nayo kwake. Ilipofika hapa, haikuomba anwani kwa ruta. Ilijichukulia ileile ya zamani, ambayo ruta ilikuwa imeshakipa kisanduku."

Fundi bomba aliingia akiwa na vifaa vyake begani. Mkewe alimsimulia yote bila kupumua. Alisikiliza hajaweka hata mfuko chini.

"Tunatengenezaje?" aliuliza.

"Mambo mawili tu," Bi Nyaya alisema. "Mtayafanya wenyewe, mimi nitaelekeza."

Kwanza, mshonaji alirudi kwenye ukurasa wa mtandao wa cherehani. Aliondoa alama kwenye anwani ya kudumu, akachagua cherehani ipokee anwani kutoka kwa ruta. Aliizima na kuiwasha. Ilikuja na namba nyingine.

Pili, fundi bomba alifungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake. Humo kulikuwa na majina ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Alikitafuta kisanduku na kukitengea anwani yake, ili ruta isikipe kifaa kingine kamwe.

"Kwa nini tukitengee, kama sasa hakuna mgongano?" aliuliza.

"Kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani upya. Kisanduku kikihama anwani, kitufe kinaweza kukitafuta kilipokuwa na kisikipate. Kiongozi wa nyumba asihamehame." Bi Nyaya alikunja nyaya zake. "Na jambo moja zaidi. Mpeni mzee kengele ya mkono. Mtandao unaweza kukatika siku yoyote. Kitu cha kumwitia mgonjwa kisiwe kimoja tu."

Walijaribu cherehani ikiwa inatarizi. Mzee alibonyeza, na taa ikawaka. Wakajaribu na cherehani zote mbili, televisheni na simu zote zikiwa zimewashwa. Ikawaka tena.

Fundi bomba alikwenda chumba cha nyuma peke yake. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba, nisamehe. Nilisema umeanza kusahau."

"Nilikusikia," mzee alisema.

"Ningepaswa kuuliza kwanza."

"Mwanangu, hata mimi nilianza kuamini. Nilikuwa nabonyeza, halafu najiuliza kama kweli nimebonyeza. Hilo liliniumiza kuliko kuanguka."

Fundi bomba aliinuka kwenda kuchemsha maji. Mzee alikunywa chai ile yote, akaomba nyingine.

Mambo yalibadilika. Midomo ya mzee iliacha kukauka. Mshonaji alizoea kukagua taa kila anapoanza kazi: anawasha cherehani, anamwomba mzee abonyeze, kisha anaanza. Kengele ya mkono ilikaa kwenye kistuli kando ya mto, na siku mtandao ulipokatika ilitumika. Nembo za sare zilikamilika kwa wakati.

Baadaye mteja mmoja alimpa fundi bomba kamera ya mlangoni aliyokuwa haitumii tena. Alikuja nayo nyumbani, lakini hakuifunga papo hapo.

"Mke wangu, tuiangalie kwanza anwani yake."

Waliikuta ina anwani ya kudumu ya huko ilikotoka. Waliiondoa, kamera ikapokea mpya kwa ruta. Kisha wakawasha kila kitu na kusimama karakana, macho kwenye taa.

"Baba, bonyeza!" mshonaji aliita kwa nguvu.

Taa ikawaka.

"Imewaka?" sauti ya mzee ilitoka nyuma.

"Imewaka, Baba! Jaribio limekwisha!"

Taa ikawaka tena. Walitazamana.

"Hilo si jaribio," mzee alisema kwa sauti kubwa. "Jua ni zuri. Njooni mnishike, nataka kukaa nje."