Bahasha za Kumuaga Bibi

Kanae hakuwa na koti zito. Hakuwa na buti, hakuwa na glavu, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza kama baridi ya kaskazini huanza masikioni au vidoleni. Mama yake alikwisha kufariki, na baba yake alikuwa mbali baharini na meli ya uvuvi. Alichokuwa nacho ni penseli, kichwa chepesi cha hesabu, na Bibi Tsuru, ambaye macho yake yalififia mwaka hadi mwaka.

"Kabla macho haya hayajafumba kabisa," Bibi alizoea kusema, "nataka nione bahari iliyoganda."

Basi kila alipotoka shuleni, nguo zikinuka moshi wa mabanda ya kukaushia samaki kama nguo za kila mtu pale Makurazaki, kusini mwa Japani, Kanae aliketi kwenye meza fupi kupanga safari ya meli ya kwenda Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, mwezi wa pili. "Wewe ndiye mhasibu wetu," baba alikuwa amemwambia. "Usivuke kiasi nilichowaachia." Nauli, treni, makoti, dawa ya kichefuchefu: vyote vilienea, lakini kwa chumba cha ndani melini, kisicho na dirisha. Hilo lilimuuma. Bibi aende mbali hivyo kutazama barafu, kisha alale kama kopo kabatini?

Ndipo majirani wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Iwakiri, mwenye duka la tofu, jibini ya soya. Alivua viatu mlangoni, akatoa bahasha ya fedha kwa mikono miwili.

"Kidogo tu, Mama Tsuru. Ya njiani."

"Ah! Unajisumbua bure."

"Nisijisumbue vipi? Ukigandia huko, nani atakuja kunibishia bei?"

Wakacheka, wakainamiana hata Kanae akachoka kuwatazama. Baada yake akaja fundi baiskeli, kisha mjane wa nyumba ya pili, kisha wengine. Bibi aliziweka bahasha mbele ya picha ya marehemu Babu. "Mhasibu, zitunze," akasema.

Kanae alizifungua, na moyo ukamruka. Dirisha! Bila kumwambia mtu, akazituma fedha zote kwa wakala wa safari mjini Kagoshima, akabadilisha chumba. Alitaka Bibi afurahi ghafla, atakapofungua mlango.

Kesho yake alimsimulia rafiki yake Shoko wakati wa chakula. Shoko akaacha kutafuna.

"We Kanae! Na zawadi za watu utanunua na nini? Au utawaletea barafu mfukoni?"

Kanae akaweka vijiti vyake chini. Aliyetoa bahasha ya kuaga huletewa kitu cha huko msafiri alikokwenda. Aliijua desturi hiyo kama alivyojua kupumua, na labda ndiyo maana hakuikumbuka kwenye hesabu.

Tangu hapo aliogopa kila hodi. Bahasha ziliendelea kuingia, na kila mara Bibi aliahidi, "Nitakuletea kitu kizuri." Kanae alitamani kusimama mlangoni apige kelele, "Msilete!" Lakini mtoto atamrudishaje mtu mzima? Alipompigia simu wakala, aliambiwa, "Tunaweza kuwarudisha chumba cha kwanza, mdogo wangu, ila tunakata fedha kidogo. Tuma barua yenye muhuri wa mwenye tiketi, ifike kabla ya mwisho wa mwezi." Muhuri huo, unaotumika badala ya saini, ulikuwa wa Bibi. Hapakuwa na njia ya kumkwepa.

Jioni moja Bibi akasema, "Haya, andika. Mama Iwakiri, mwani wa supu. Fundi, biskuti za siagi. Mjane... mbona sisikii penseli?"

Penseli haikusogea. Kanae akalia, akasema yote.

"Dirisha," akasema Bibi. "Ulidhani nitaitazama barafu kwenye kioo, kama samaki wa dukani? Nitapanda juu, nisimame penye upepo."

"Utaganda, Bibi."

"Niache nigande kidogo." Kisha sauti yake ikawa nzito. "Lakini ulitumia bila kuuliza, na hilo si dogo. Kutoa ni moyo, Kanae, ila kupokea ni ahadi. Fedha za kuagwa hazikuwa pato letu. Zilikuwa zinapita tu mikononi mwako, zirudi kwa wenyewe kwa sura nyingine. Usipange safari kwa fedha yenye ahadi ya mtu. Na ukikosea, sema mapema, kungali na nafasi ya kuandika barua."

"Watakata kidogo, Bibi. Hazitarudi zote."

"Basi koti lako jipya limekwenda. Utavaa lile kuukuu la baba yako la uvuvi."

"Linanuka samaki!"

"Vizuri. Sili wa barafuni watakupenda."

Kanae aliiandika barua, akaisoma kwa sauti. Bibi akapaka muhuri wino mwekundu, naye Kanae akamshika mkono na kuuongoza hadi mahali pa muhuri. Wakabonyeza pamoja.

Sanduku la posta lilikuwa mbele ya duka la tofu. Mama Iwakiri alikuwa akimwaga maji mlangoni. Kanae akamwinamia, chini kuliko siku zote, kisha akaigundisha bahasha, akaikandamiza kwa viganja viwili, akaitumbukiza.