Kitenge Juu ya Kiti cha Adélaïde

Saa tisa alasiri, mvua ikipiga mabati ya ukumbi mdogo wa Nyalukemba, kando ya ziwa, Mardochée alijibiwa na kiti kitupu.

Kosa lilikuwa lake, na sitamtetea. Yeye ndiye mwenye kikundi cha mchezo wa kuigiza, na Adélaïde, mwigizaji wake mkuu, alikuwa pia mpenzi wake. Watu wa Ibanda nzima walijua mambo yao. Jumatatu wanatupiana maneno hadi barabarani, Jumatano wanakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, sahani moja, tena kwa kulishana. Watu wazima, haya hawana! Lakini siku ile walivuka mpaka.

"Wewe iko unanidharau mbele ya batu!" Adélaïde alifoka, akivua kitenge chake cha mchezo na kukitupa chini. "Mi naenda. Tafuta mwengine!"

"Nitamupata leo leo! Hata atoke mu ziwa!"

Sasa, kikundi kile kina desturi yake. Mwigizaji asipofika, kitenge chake huwekwa juu ya kiti, na Léopold, mzee anayewanong'onezea waliosahau maneno, husoma sehemu yake. Nafasi haiachwi bila mtu hata dakika moja. Mardochée alilijua hilo vizuri kuliko wote. Ila kwa hasira alimfukuza Léopold pamoja na wengine, akakiweka kitenge kitini mwenyewe, akatangaza: "Mwenye kuipenda hii rôle, hii fasi ya Adélaïde, akuye aichukuwe."

Kisha akasema maneno ya mume wa mchezo, sehemu yake mwenyewe. Kutoka kitini, sauti ya mwanamke ikamjibu maneno ya mke, taratibu, bila kukosea hata neno, na ukumbi ukajaa harufu ya tope na samaki mbichi.

Alikimbia, ndiyo. Lakini kesho yake alirudi, na siku iliyofuata, akajifungia humo peke yake. Sauti ile haikumkatiza. Haikumuuliza alikuwa wapi jana. Alianza kuizoea, na nadhani hata kuipenda.

Siku ya tatu Adélaïde alirudi, akitaka kubembelezwa kidogo tu. Mlangoni akasikia mwanamke akiongea, akagonga mpaka Mardochée akamfungulia.

"Mardo," alisema kwa sauti ya chini, "ule mwanamuke ni nani?"

"Hakuna mutu, chérie. Usiguse ile kitenge. Nakuomba."

Angemwambia mwanamke mwingine yeyote, labda angesikia. Adélaïde alikinyakua kitenge, akajifunga kiunoni, akakikuta kimelowa maji ya baridi, na alipofungua kinywa amtukane Mardochée matusi aliyokuwa ameyapanga siku tatu, sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ile ya kitini, laini, ikisema, "Niambie vile unapenda, chéri," huku yeye mwenyewe akijishika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, akitikisa kichwa kukataa kila neno lililopita midomoni mwake, mpaka akaanguka jukwaani.

Mardochée alipiga yowe. Léopold, ambaye hakuwa ameenda mbali siku zote hizo, alimleta mbio mke wake, Maman Consolate, wa kikundi cha maombi cha parokia. Mama yule aliweka rozari kifuani mwa Adélaïde na kuomba hadi jasho likamtiririka. Kisha akageuka.

"Papa Mardochée, ni wewe ulitoaka ile fasi. Ni wewe tu unaweza kuirudisha. Sema kwa nguvu ni ya nani. Na usikawie, huyu mutoto wa batu iko anazama."

Mardochée alifungua kinywa. Akamtazama Adélaïde alivyolala, uso umetulia, hana ugomvi na mtu, akazikumbuka siku tatu za amani, akawaza kwamba sauti ile isingemwaibisha kamwe mbele ya watu, wala isingemwacha, na akiwa bado anawaza, maji yakaanza kumtoka Adélaïde puani.

"Papa!" Consolate alinong'ona kwa hofu. "Sema!"

"Ya Adélaïde!" akapaza sauti. "Ni ya Adélaïde!"

Harufu ikakatika palepale. Maji yakakoma, na Adélaïde akavuta pumzi ndefu. Maman Consolate akapiga ishara ya msalaba, Léopold akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, wakatoka nje kuwaita wengine waje kushukuru.

Mardochée alimkumbatia mpenzi wake. "Nisamehe. Nitukane, chérie. Nipige hata, najua umekasirika."

Adélaïde alimpapasa shavu kwa mkono wa baridi, akatabasamu, akamsogelea sikioni.

"Ulikawia, chéri," alinong'ona. "Ule wa kutukana alisha enda."