Mbuzi Watatu Mashuuru

Walikutana soko la mbuzi la Kitengela. Nzilani alikuwa na dera la kijani, akiuza beberu mkaidi wa babake. Wanyama alikuwa na ovaroli ya grisi, ametoka kutengeneza pampu ya kisima hapo jirani.

"Dada, huyo beberu ananiangalia vibaya."

"Si yeye peke yake. Hata mimi nakuangalia."

Miezi minane ya mapenzi ikapita, kisha Nzilani akaanza kushuku. Kila saa saba mchana, kwenye kibanda cha chai Noonkopir, Wanyama alitoka nje na simu akaongea na mwanamke kwa lugha ya ajabu. Dalili ya mvua ni mawingu.

"Nani huyo?"

"Mwalimu, mpenzi. Ananifunza Kitamil."

"Cha nini?"

"Kazi."

Mwanamume mwenye la kuficha hupenda majibu mafupi, na Nzilani alilijua hilo.

"Haya, sema nisikie."

"Vittil, nyumbani. Vittukku, kwenda nyumbani. Vittilirundu, kutoka nyumbani."

"Nyumba ya nani?"

Wanyama akacheka. "Ya kwa kitabu. Tena wao hawachanganyi mtu na kitu. Pampu ni adu, yaani hicho kitu, na kitenzi chake kiko na mkia wake: adu odugiradu, inazunguka. Mtu anapewa mkia mwingine."

"Na mimi umeniweka wapi?"

"Kwa watu, sweetie. Tena mbele."

Nzilani alicheka, lakini moyo haukutulia.

Ijumaa, Ledama muuza mbuzi alimwita pembeni. "Jamaa yako amenunua mbuzi watatu. Anasema ni wa ntheo."

Ntheo ni mbuzi wa uchumba wa Wakamba. Wakishapokelewa, binti ana mwenyewe. Wanyama alikuwa Mluhya wa Kibukusu, na hakuwa amemwambia Nzilani neno. Basi kulikuwa na msichana mwingine wa Kikamba. Alimpigia Wanyama simu mara nne, hakupatikana. Usiku huo alilia kwa hasira na kwa mapenzi.

Kesho yake babake akapiga kutoka Mashuuru.

"Nzilani, kuna Mluhya hapa na mbuzi watatu. Anasema amekuja kwa sababu yako. Unamjua?"

Furaha ilimjaa, kisha shaka ikarudi. "Mpe simu, baba."

"Babe, niliambiwa haya ni ya wazee, msichana haambiwi."

"Ulidanganywa. Kwetu msichana ndiye anaulizwa kwanza. Na Kitamil je?"

"Nimepata kazi kwa kiwanda cha pampu, India, kwa hao Watamil. Miaka miwili, naenda mwezi ujao. Niliogopa ukijua utaniacha, nikaona mbuzi watangulie."

"Ndiyo unifunge kabla sijajua."

"Ndiyo. Nisamehe."

Ilimuuma, na bado alimpenda.

"Niulize sasa."

"Nzilani, utakubali nikuoe?"

"Rudisha simu kwa baba."

Mzee akakohoa. "Ehe, unamjua?"

"Namjua, baba. Wapokee mbuzi, lakini asichinjwe hata mmoja mpaka Wanyama arudi kutoka India. Na akikawia, mbuzi watakaozaliwa ni wangu."