Kiwiko Kilichokataa Kuingia

Kila siku masomo yalipokwisha, Indu alitembea hadi karakana ya baba yake katika eneo la viwanda mjini Nakuru. Kelele za nyundo zilimpokea hata kabla hajafika langoni. Ndani, mafundi walikata na kukunja bati kutengeneza dakti, yale mabomba mapana yanayopitisha hewa na moshi katika majengo. Indu aliwaamkia, akapewa chai, kisha akaingia ofisini kufanya kazi ya shule kando ya kaka yake, Rajinder. Kwao kaka mkubwa huitwa Veerji, na baba huitwa Papaji.

Rajinder ndiye aliyechora dakti zote. Alichora kwa programu ya kompyuta. Mwezi huo wa Juni, mwaka wa 2008, walikuwa na kazi ya hoteli mpya ya nyama choma huko Kikopey. Moshi wa jikoni ulipaswa kupanda, kukwepa boriti na kuingia kwenye feni. Kwenye kona hiyo kulihitajika kiwiko, yaani kipande cha dakti kilichopinda, chenye mdomo mpana chini na mwembamba juu. Programu haikuwa na kiwiko cha namna hiyo, kwa hivyo Rajinder alikitunga mwenyewe.

"Tazama," alijigamba. "Nimekipa kanuni. Mdomo wa chini ni sentimita sitini. Wa juu ni nusu yake, thelathini, sawasawa na feni. Nikibadilisha wa chini, wa juu unafuata wenyewe. Jaribu!"

Indu aliandika mia moja. Papo hapo mdomo wa juu ukatanuka hadi hamsini. Alicheka kwa furaha.

Siku chache baadaye, mwenye hoteli alitaka jiko kubwa zaidi. Rajinder, Indu akiwa kando yake, alifuta sitini, akaandika themanini, akachapisha mchoro na kukimbilia mazoezi ya hoki. Hakuangalia kitu kingine.

Jumamosi Indu alikuwapo karakanani Papaji aliporudi kutoka Kikopey akifoka.

"Kiwiko kimekataa kuingia! Mdomo una sentimita arobaini na feni ni thelathini! Mwenye hoteli amenigombeza mbele ya watu kama mtoto mdogo. Nani alikata lile bati?"

"Ni mimi, mzee," alijibu Kemboi, fundi aliyefanya kazi hapo kwa miaka mingi. "Nilifuata mchoro. Mchoro ulisema arobaini."

Rajinder alitoka ofisini na karatasi. "Mchoro ndio huu, Papaji. Unasema thelathini."

Kemboi aliitazama ile karatasi. "Hii siyo niliyopewa. Ile niliirudisha ofisini."

"Labda hakutaka hoteli ya watu wa kabila lisilo lake ifaulu," fundi mwingine, Waithaka, alisema kutoka nyuma. "Mwaka huu tumeona mengi."

Nyundo zote zilinyamaza. Tangu vurugu za kikabila za mwanzo wa mwaka, baada ya uchaguzi, watu wa Nakuru walikuwa bado wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Kemboi alivua glavu zake, akazitupa chini.

"Waithaka, rudia hayo maneno!"

Papaji alisimama katikati yao. "Basi! Kemboi, nenda nyumbani. Jumatatu jioni njoo nikwambie kama bado una kazi hapa."

Jumatatu, Indu alipotaka kuketi darasani kando ya Jeruto, binti ya Kemboi, Jeruto alilitupa begi la Indu sakafuni.

"Usikae hapa! Ploti nzima tunakopanga wanasema baba yangu ni mharibifu. Mdogo wangu alienda kuteka maji, akarudi akilia. Na wewe unakuja hapa unatabasamu!"

"Lakini mimi sikufanya kitu!"

"Ndiyo shida hiyo," Jeruto alisema. "Hukufanya kitu."

Indu alikwenda kuketi nyuma, kifua kikimwaka kwa hasira. Kwa nini atukanwe kwa kosa la watu wazima? Hata hesabu hakuzisikia vizuri, mpaka mwalimu alipouliza nusu ya namba moja ubaoni. Indu aliinua kichwa. Nusu ya themanini ni arobaini! Jiko lilipoongezwa, kile kiwiko kilikuwa kimejitanua chenyewe na juu pia. Feni ilibaki vilevile.

Jioni aliingia ofisini bila kusalimu mtu.

"Veerji, ni ile kanuni yako! Mchoro wa kwanza ulisema arobaini!"

Rajinder aliufunga mlango haraka. "Nyamaza! Papaji akijua ataninyang'anya hii kazi. Kemboi ni fundi mzuri, atapata kazi kwingine."

Indu alikasirika zaidi. Aliufungua mlango kwa nguvu.

"Papaji! Njoo hapa! Na mafundi wote waje!"

Walijazana mlangoni. Kemboi naye alikuwa ndio kwanza amefika kusikia hatima yake. Indu aliketi mbele ya kompyuta. Kwenye mchoro paliandikwa thelathini. Aliiamuru programu ipime mdomo wa juu wenyewe. Ikajibu: arobaini. Akaandika sitini chini, juu ikawa thelathini. Akarudisha themanini, ikawa arobaini tena.

"Veerji hakurekebisha kiwiko," alisema. "Aliandika tu namba nyingine juu ya picha."

Papaji alipiga meza kwa kiganja. "Rajinder! Ni kweli?"

"Niliogopa, Papaji."

"Uliogopa kelele zangu, ukaona afadhali mwenzako akose chakula?"

Rajinder alimgeukia Kemboi. "Nisamehe, Baba Jeruto."

Kemboi hakumpa mkono. "Nimekusikia. Lakini wanangu wametukanwa. Wao hawako hapa, hawajakusikia."

"Basi twende," Papaji alisema. "Na wewe, Waithaka, panda gari. Ulimi wako pia una deni."

Walipofika kwenye ploti, akina mama walikuwa wanaanua nguo. Rajinder alisimama katikati ya uwanja, uso umemwiva.

"Kosa lilikuwa langu," alisema kwa sauti ndogo. "Kemboi hakuharibu kitu."

Jeruto alikuwa amekunja mikono mlangoni kwao. "Sema kwa sauti! Mama Wariara pale kwenye kamba hajasikia."

Rajinder alirudia kwa sauti kubwa. Baada yake Waithaka, macho chini, alisema, "Nami nilisema uongo juu yake. Sikuwa na ushahidi wowote."

Papaji aliwatazama watoto wake wawili. "Kukosea kipimo si aibu, bati tutanunua lingine. Lakini ukimtwika mwenzako kosa lako, unaharibu jina lake, na jina haliuzwi dukani. Uongo ukishafika mlangoni pa mtu, ukweli lazima upelekwe mpaka mlango huo huo. Hata mimi nimekosa. Nilikasirika nikatafuta wa kumlaumu. Indu alikasirika akatafuta ukweli. Siku nyingine mkikasirika, mfanye kama yeye."

Akamgeukia Kemboi. "Naomba radhi, ndugu yangu. Kesho utakuja?"

Kemboi alimtazama Rajinder. "Nitakuja, mzee. Lakini kile kiwiko, kijana huyu atakikata pamoja na mimi, kwa mikono yake."

"Atakikata," Papaji alisema, na safari hii Kemboi akautoa mkono.